Barabara Iliyopungua Kilomita Sita

Jamani, nianze na kosa langu mwenyewe, maana mkilisikia kwa wengine litawafikia limeshanenepa. Mimi Thawi, fundi matairi wa hapa Lom Kao, mji wetu mdogo chini ya mlima, mwenye diploma ya ufundi iliyotundikwa juu ya mashine ya upepo mpaka imegeuka rangi ya chai, niliulizwa swali la kazi yangu na mama muuza kabichi. Jibu nilikuwa nalo. Sikumjibu. Nilimchekesha.

Mama huyo ni Amphai. Yeye na mumewe, Samruai, walilima kabichi kule juu mlimani. Msimu ukifika, Samruai alizipanga kwenye pikapu mpaka zikapita paa la gari, akazifunga kamba, wakateremka pamoja sokoni. Wakimaliza kuuza walikuja kula tambi za mchele kwenye banda la jirani yangu, tukataniana. Maisha yalikuwa hayo, na yalikuwa mazuri.

Samruai alikuwa dereva wa taratibu. Njiani kuna kona kali yenye kibanda cha sadaka cha mzimu mwenye mlima, na kila dereva hupiga honi tatu kumwomba njia. Samruai alipiga zake tatu, kisha akaangalia kibao cha barabarani. Kimeandikwa sitini.

"Kibao kimesema sitini," alikuwa akisema. "Mimi nani nibishane na kibao?"

Sasa kulikuwa na Prayong, naye mchuuzi wa kabichi, mwenye pikapu iliyoinuliwa kwa matairi makubwa kama ya trekta. Kila akimwona Samruai lazima amchokoze.

"Wee Samruai! Gari lako linatembea kwa magoti? Kabichi ikidondoka hapo hata haiumii!"

Mwaka wa kwanza Samruai alicheka. Mwaka wa pili alitabasamu. Wa tatu akaja kwangu.

"Kaka Thawi, niwekee makubwa."

"Haya uliyonayo yana ubaya gani?" Amphai akamuuliza.

"Hayana ubaya. Yana ufupi."

Nikamwekea. Siku ile nilikuwa na foleni. Maneno niliyopaswa kumwambia ni machache, yangechukua muda wa kukaza nati moja. Sikuyasema. Samruai akaondoka amekaa juu juu kama mkuu wa wilaya.

Wiki mbili baadaye tulikuwa bandani tunakula. Amphai akaweka bakuli chini.

"Kaka Thawi, hebu nisaidie. Kutoka kwetu mpaka sokoni ni kilomita arobaini. Miaka tisa naziangalia zile namba kwenye dashibodi, sina kingine cha kuangalia, redio ilishakufa. Sasa hivi tukifika zimeongezeka thelathini na nne tu. Barabara imepungua?"

Nikajua papo hapo. Lakini watu walikuwa wamenigeukia, na ninyi mnanijua, watu wakinigeukia mdomo unatangulia.

"Shemeji, barabara imeyaona matairi ya mumeo ikaogopa. Imejikunja!"

Banda zima likacheka. Prayong alipaliwa na tambi. Samruai akaongeza, "Mke wangu anataka kuwa mpima ardhi!" Amphai naye akacheka, ameziba mdomo kwa mkono. Hakuuliza tena.

Msomaji wangu, jibu ni hili. Mita ya gari haina macho, haiioni barabara. Inahesabu mizunguko ya gurudumu tu. Ukiweka gurudumu kubwa, kila mzunguko unameza barabara zaidi, na mita haina habari. Kwa hiyo kilomita zinaonekana chache. Na ule mshale wa spidi, ambao ndio wenye hatari, unaonyesha mwendo mdogo kuliko ule gari linaokwenda. Kwa matairi niliyomfungia Samruai, mshale ukisema sitini, barabarani ni sabini na moja. Gari limeinuka, mzigo umepita paa, kona ni kali.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Kwenye kona ile Samruai alipiga honi tatu. Gari likalala. Kabichi zilijaa barabara nzima. Waliosimama, wengine walisaidia, wengine waliokota kabichi. Samruai alifia palepale. Amphai alitolewa na mkono uliovunjika.

Msibani watawa walisoma sala zao, watu wakala wali, na minong'ono ikaanza. Polisi walikuwa wamepima alama za matairi: zaidi ya sabini.

"Alikuwa kwenye sitini," Amphai alimwambia kila aliyeleta shada. "Nilikuwa naangalia mshale. Sitini."

"Shemeji, basi," Prayong alimwambia polepole. "Polisi hawamsingizii maiti."

Mama mkwe wake alikuwa amekaa pembeni. "Mwanangu kaendesha miaka ishirini hajagusa hata kuku," alisema bila kumtazama. "Kuna mtu alikuwa anamharakisha."

Tangu hapo hakumsemesha mkwewe. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha sahani. Zilipokwisha chafu, niliosha safi.

Nilikaa hivyo siku mia. Nilikula, nililala, nilijaza watu upepo. Utani nilitoa kama kawaida, na watu walicheka kama kawaida. Siku ya mia, tulipokusanyika kumfanyia marehemu sadaka, nilisimama. Nilikuwa na kamba mbili, moja niliyopimia mzunguko wa tairi la zamani, nyingine wa tairi jipya. Nikazinyoosha sakafuni, bega kwa bega, kila mtu aone.

"Polisi walisema kweli," nikasema. "Amphai kasema kweli. Aliyedanganya ni mshale. Na aliyeufundisha kudanganya ni mimi."

Hakuna aliyelia. Prayong aliinama akazitazama zile kamba muda mrefu. Mama mkwe alisogeza kikapu cha wali wa kunata mpaka mbele ya Amphai, akarudisha mkono wake mapajani. Amphai akamega, akala. Mimi hakunitazama.

FUNZO

Usibadilishe tairi kwa sababu ya mdomo wa jirani. Ukibadilisha ukubwa, pimisha mita upya, au angalau ujue mshale wako unakudanganya kiasi gani. Nawe fundi, mwambie mteja hata kama foleni inafika barabarani. Na sisi wachekeshaji, mtu akiuliza swali la maana, tumjibu kwanza. Kichekesho hakina haraka.

Siku hizi Amphai huteremka kwa basi na vikapu viwili. Kila asubuhi hupita mbele ya karakana yangu. Kila asubuhi mimi nasimama, spana mkononi, namwambia maneno yaleyale:

"Shemeji, niulize tena."