Walioachwa Darajani

Haya yalimkuta rafiki yangu Alwyn, mtu mbishi asiyeogopa hata makaburi. Jumapili moja ya Desemba klabu yao ya michezo ya vita pale York, Uingereza, ilicheza kwa vinyago mezani vita vya kale vya mfalme na bunge, na kura ikamwangukia kuongoza jeshi la mfalme. Kwa desturi yao, kamanda hukaa peke yake chumba cha pili na ramani tu. Mwamuzi, Desmond, ndiye humgongea mlango na kumpa habari za vita.

"Jenerali, tunachapwa! Watu wako wa darajani wanaomba kurudi nyuma," Desmond alisema akicheka.

"Wasithubutu! Wakae mpaka niwaambie."

Jioni umeme ukakatika. Gizani mlango ukagongwa polepole, na sauti iliyochoka ikasema, "Tumebaki watatu, mkuu. Turudi?"

"Acha utani, Des. Kaeni hapo hapo!"

Nyayo zikaondoka, chwa, chwa, kama za viatu vilivyojaa maji.

Taa ziliporudi, Desmond akafungua mlango, koti mwilini. "Kumbe bado umo? Giza lilipoingia sote tulikwenda zetu baa. Tulidhani umeshaenda nyumbani."

Mlango ulikuwa wazi, Desmond kasimama kizingitini, na bado wote wawili wakausikia ukigongwa.

"Nimebaki peke yangu, mkuu. Nirudi?"

"Rudi!" Alwyn akapiga kelele. "Rudi, jamani!"

Safari hii nyayo hazikuondoka. Zilimpita Desmond, chwa, chwa, zikaingia chumbani, zikasimama nyuma ya kiti cha Alwyn.