Aliyeingia Bila Neno la Siri

Feni ya seva ilikohoa saa nne asubuhi, na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Fundi kompyuta wa hospitali, ambaye upara wake haukuwa na hata unywele mmoja wa kuunguza, alijipapasa kichwa kwanza, kisha akatazama skrini.

Jina lake lilikuwa ndani ya hifadhidata ya wagonjwa. Limeingia kutoka kompyuta yake ya nyumbani.

"Mimi niko hapa," akaiambia skrini, kama anayebishana na konda.

Kosa lilikuwa lake. Binti yake alipolazwa, alilegeza masharti: anayeingia kutoka nyumbani kwake asiulizwe neno la siri. Siku tatu tu, alijiambia. Hii ilikuwa wiki ya tatu.

Mgeni aliyevaa jina hilo alipita rekodi kitanda kwa kitanda. Cha kwanza akaandika: marehemu. Upande wa pili wa ukuta, wodini, kilio kikapasuka. Cha pili. Kilio kingine.

Binti yake alilala cha sita.

Akafungua faili la masharti, akaandika kwamba kila aingiaye kutoka nje adaiwe neno la siri, akaiamuru seva isome upya. Lakini sharti jipya humzuia anayebisha hodi, halimtoi aliyekwisha keti, na mgeni akaendelea, cha tatu, cha nne, mpaka fundi alipoukata muunganisho wenyewe na jina likatoweka likiwa limegusa cha tano.

Akampigia mkewe, aliyekwenda nyumbani kuoga.

"Mama, toka humo ndani. Sasa hivi."

"Mbona unanipigia simu na uko sebuleni?"

Nyuma ya sauti yake, vibonye vya kompyuta vililia tak-tak-tak.

"Huyo si mimi!"

"Acha masihara, baba. Umeingia hata salamu huna, unanuka moshi, eti umesahau neno la siri..."

"Usimwambie! Nakusihi, mke wangu!"

"Nimeshakwambia. Si jina la mwanetu?"

Vibonye vikanyamaza. Feni ikakohoa.

Jina lake likarudi, safari hii kihalali, likaruka cha tano, likasimama cha sita. Akanyoosha mkono aukate tena muunganisho. Skrini ikamtupa nje, ikamdai neno la siri.

Akaandika jina la binti yake. Seva ikakataa: neno limebadilishwa.

Akaliandika tena, polepole, herufi kwa herufi, kama anayemwita.