Majina ya Jioni ya Alhamisi

Umeme wa Arua hauna adabu. Unaondoka bila kuaga, unarudi bila hodi. Alhamisi ile uliondoka jua likizama upande wa Kongo, Jalia akiwa peke yake kwenye maktaba ndogo iliyo nyuma ya soko. Akaufunga mlango kwa kufuli, akavuka barabara kwenda kununua mshumaa kwa Marcelline.

Marcelline ni mama wa Kikongo anayekaanga mihogo pale ng'ambo. Amekaa Arua miaka na miaka, ila ulimi wake bado haujavuka mpaka. Alimpa mshumaa, akamfungia na mihogo ya bure, maana mtaa mzima ulijua binti yule hali mpaka akumbushwe. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye karai:

"Yule mama umeacha ndani, hutamupelekea chakula?"

"Mama gani? Nimefunga. Hakuna mtu."

"Mutu iko. Anakuita tangu ulipotoka."

Jalia akategea sikio. Bodaboda moja ilipita. Mafuta yalichemka. Mwadhini alikohoa kwenye kipaza sauti cha betri, akaanza kuadhini Magharibi. Basi.

Ngoja niwaeleze habari ya binti huyu, msije mkamlaumu kabla ya wakati. Jalia ni Mnubi wa Koboko, kitukuu cha askari waliotoka Sudani. Alikwenda Kampala kusomea shahada ya uzamili ya ukutubi. Koboko watu walishangaa sana. Mtu anaacha kwao kwenda kujifunza kupanga vitabu? Wajomba walimtania kwamba hata kabati la mama yake hajawahi kulipanga. Mama mwenyewe, Shamirah, hakucheka. Yeye alikuwa akimpigia simu kila jioni, mtoto wa pekee huyo, baba alishatangulia zamani. Na Jalia, kwenye chumba cha kusomea ambako hairuhusiwi hata kukohoa kwa nguvu, alikuwa akinong'ona, "Kesho, Mama. Niko maktaba." Kisha anaizima.

Jioni moja mama alipiga, akakuta simu imezimwa. Akapiga tena na tena. Jalia alipoiwasha mchana wa siku ya pili, Shamirah alikuwa ameshawekwa kaburini. Sisi hatucheleweshi maiti.

Ah, upweke jamani. Alipokuja Arua kufanya utafiti wake, alipanga chumba ambacho hakuna wa kumuuliza umeshindaje. Akapewa kuitunza maktaba ile ya nyuma ya soko, akazama kwenye kazi. Tasnifu yake ilihusu kuhifadhi sauti za wazee kabla hawajazikwa nazo, na ndiyo iliyompeleka kwa Hababa Medina, bibi mmoja wa Koboko, shangazi wa marehemu mama yake.

Hababa Medina alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi, jua likitua, anafukiza ubani, anaweka bakuli la maji mlangoni, na anawaita marehemu wa ukoo, mmoja mmoja kwa jina, waje wakumbukwe. Akimaliza anawaaga, anamwaga maji nje, anafunga mlango. Jalia alimrekodi yote hayo, mwanzo hadi mwisho. Akamwomba na jambo moja la ziada. Amwite Shamirah.

Bibi alisita. Alisema mwaka wa marehemu haujatimia, bado ana joto la duniani. Jalia akalia. Bibi naye ana moyo, akaita. Kisha akamshika mkono yule binti, akamwambia neno ambalo Jalia alilichukua kama usumbufu wa uzee.

"Mlango mi nafungua, mlango mi nafunga. Usinikate hapo kati."

Mvua za kwanza hazijakatika, Hababa Medina akafariki. Naye hakumwachia mtu maneno yale ya kuwaaga marehemu.

Na Jalia alimkata hapo kati.

Hakufanya kwa ubaya. Mkutubi ana kazi yake, na kazi yake ni kutenganisha. Dkt. Enoch, msimamizi wake kule Kampala, alimwelekeza kwa simu kwamba kila jina liwe kitu peke yake, lenye namba yake na mahali pake, mtu akimtaka babu yake ampate bila kupekua ukoo mzima. Kwa hiyo Jalia alikata. Kabiru huku, Muzamili huku, Kenyi huku, na wengine wote, kila mwito na sehemu yake. Mwishoni kikabaki kile kipande cha kuaga. Hakikuwa cha mtu yeyote. Kilikuwa na kikohozi na jogoo wa jirani. Alikisikiliza mara nyingi akitafuta pa kukiweka, akakosa, akakifuta.

Alhamisi ile ya mshumaa, mchana, alikuwa ameyacheza yale majina yote kwenye kompyuta ya maktaba, moja baada ya jingine, kuhakikisha yanasikika vizuri.

Sasa alirudi na mshumaa wake. Akafungua kufuli.

Ubani...

Ulimpiga puani kabla hajaingia. Maktaba ile haijawahi kufukizwa kitu. Akawasha mshumaa. Kompyuta ilikuwa imezima, nyeusi tii. Lakini viti, ambavyo alivisukuma vyote chini ya meza kabla ya kutoka, vilikuwa vimevutwa nje. Vyote. Kama watu wamekaa.

"Nani humo?" alinong'ona.

Akauinua mshumaa.

Halafu, kutoka nyuma ya rafu za mwisho, sauti ya mwanamume mzee, kavu.

"Niko."

Na nyingine, karibu na dirisha. "Niko."

"Niko..."

"Niko..."

Miguu ilimwambia kimbia, na angekimbia, mimi na wewe tungekimbia. Lakini wakati huohuo akasikia jina lake. Taratibu. Kwa ule mkato wa sauti ambao hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nao.

"Jalia."

Kwetu mtoto anafundishwa mapema kwamba sauti ikikuita Magharibi na uso huuoni, usiitike. Jalia alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini simu ile ambayo hakuipokea ilikuwa imemkaa kifuani kama mfupa wa samaki kooni.

"Abee, Mama."

Kiti cha karibu yake kikalia. Mtu alikuwa ameinuka. Hakuona kitu, ila harufu ya sabuni na mafuta ya nazi, harufu ya mama akitoka kuoga, ikamzunguka. Machozi yakamtoka, na ukweli usemwe, alifurahi. Wallahi alifurahi.

"Tumeitwa," ilisema sauti. "Nani anafunga?"

Hapo akaelewa alichokifuta.

Maneno aliyajua. Ungekisikiliza kitu mara nyingi kiasi kile, nawe ungekijua, na kikohozi chake. Akamimina maji ya kunywa kwenye kikombe, akakiweka kizingitini, akaanza.

"Kabiru. Umeitwa, umeitika, umekunywa. Mlango naufunga. Rudi kwa heri."

Kiti kikasogea chenyewe, kikaingia chini ya meza. Krrr...

"Muzamili. Umeitwa, umeitika, umekunywa..."

Krrr...

Akamwita Kenyi. Akaendelea na wote, jina kwa jina, na kila kiti kilipoingia, ubani ulipungua na chumba kikapoa. Hata akabaki na kiti kimoja. Kile cha karibu yake.

Akafungua mdomo. "Shamirah," alisema. "Umeitwa, umeitika, ume..."



Akilimaliza neno, anarudi kwenye chumba chake, kwenye mihogo ya huruma, kwenye simu ambayo hakuna anayeipiga. Alilitazama lile giza juu ya kiti.

"Mwanangu, nimechoka kusimama," sauti ikasema. "Nifungie niende."

Jalia akaupuliza ule moto wa mshumaa ili asione kitu. Maji akayanywa mwenyewe.

"Kesho, Mama," alinong'ona. "Niko maktaba."

Shahada aliipata, tena kwa sifa. Dkt. Enoch alimtafutia kazi Kampala, akaikataa, na watu wakasema kusoma kumemzidi. Yuko palepale nyuma ya soko. Amekonda, lakini ukimuuliza anakwambia hajawahi kuwa mzima hivi. Kila Alhamisi anawaaga wasomaji mapema, anavuta kiti kimoja, anakaa kando yake gizani. Wapita njia wanamsikia akisimulia mambo ya siku nzima, anacheka, ananyamaza kusikiliza. Kisha husema neno lilelile: kesho.

Marcelline ndiye anayesikia na majibu. Anasema mwanzoni sauti ilikuwa ya mama anayebembeleza. Baadaye ikawa inalia. Siku hizi hailii tena, imekauka, na kuna maneno inayatamka kama mtu aliyesahau kinywa kinavyotumika. Alimfuata Jalia akamsihi amwache marehemu aende. Jalia akamjibu kwa upole kwamba ataliangalia hilo.

Alhamisi iliyopita Marcelline alihamisha karai lake, akaenda kukaangia mbali kule stendi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema alikuwa anageuza mihogo, jua ndiyo kwanza limetua, akasikia mtu anauliza:

"Kesho ni lini?"

Akatazama maktaba. Mlango ulikuwa wazi, na Jalia amekaa ndani peke yake, anatabasamu, anaongea na kiti. Sauti ilikuwa imetokea upande huu wa barabara, nyuma ya shingo ya Marcelline.