Shindano la Ngoro na Matuta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ottilia alisafisha banda la nguruwe na kulundika samadi nyuma ya nyumba. Hakuhitaji kuhimizwa. Kazi aliyoichukia ilikuwa moja tu: kuchimba ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua.

Kila Machi huko Litembo, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Kisha huweka fyekeo begani na kuondoka. Wanawake na wasichana ndio hubaki kuchimba mashimo katikati ya mistari hiyo na kuyafukia majani kwa udongo, mpaka mteremko mzima uonekane kama sega la nyuki.

Basi Bi Jacqueline, mtafiti wa uchumi wa kilimo, alipoomba kipande cha shamba ili kulinganisha ngoro na matuta, Ottilia alikwisha kumchagua mshindi. Pande zote mbili zilipandwa mahindi ya mbegu moja, bila mbolea. Lakini mara kwa mara, watu walipokwenda kwenye shamba la kahawa, Ottilia alishuka na ndoo ya samadi na kuimwaga kwenye matuta.

Wakati wa mavuno, mahindi ya matuta yaliyapita ya ngoro kwa mbali. Baba yake, Mzee Augustino, alifurahi sana.

"Ngoro basi! Kuanzia sasa mteremko wote ni matuta."

"Umesikia, Ottilia?" kaka yake Hamphrey alimtania. "Sasa utapata muda wa kusuka nywele."

Ottilia hakucheka. Chini ya matuta mvua ilikuwa imechimba mfereji, na udongo mweusi ulikuwa umelala kijitoni. Chini ya ngoro hapakuwa na mfereji wowote. Mteremko wote ukilimwa matuta, shamba lao litaishia mtoni, na samadi ya nguruwe wao haitatosha kuliokoa.

"Ajabu," alisema Bi Jacqueline. "Mashamba mengine yote tuliyopima, ngoro imeshinda."

"Madam," Ottilia alisema, "matuta yamekula samadi. Niliweka mimi."

"Unasemaje?" baba aling'aka.

"Kuchimba ngoro kunaniumiza mgongo, baba. Nilidhani matuta yakishinda, tutapumzika."

"Mwizi wa kinyesi!" Hamphrey alidakia. Baba alimkata jicho.

"Matokeo ya shamba hili siwezi kuyatumia," alisema Bi Jacqueline. "Tutarudia upya. Lakini hilo la mgongo mbona hukuniambia? Kazi nayo ni gharama, hupimwa kama mahindi."

Machi ilipofika na majani yakalazwa, Mzee Augustino alimpa Hamphrey jembe.

"Baba, hii si kazi ya wanawake?"

"Na ugali unaokula ni wa wanawake?"

Mama alicheka mpaka akaegemea jembe lake. Baba mwenyewe alishuka shimoni, na mteremko ukaisha mapema kuliko mwaka wowote Ottilia aliokumbuka. Bi Jacqueline alikuwepo akipima kazi ya kila mmoja. Alipomaliza alimgeukia Ottilia.

"Jambo likikuumiza, liseme lilivyo. Ukilifunika kwa uongo, hata mtu anayetaka kukusaidia atatibu ugonjwa usiokuwepo, na wako utabaki palepale."

"Nimeelewa, madam," alisema Ottilia, akainuka na kunyoosha mgongo.