Kimya cha Kibandani

“Usiponijibu, nitajua umekubali,” Mratibu wa tamasha alimnong'oneza mpiga picha wake.

Binti huyo akamkodolea macho. Angejibu vipi? Kibanda cha mbao kilijaa wapenzi wa ndege, wamebanana bega kwa bega, darubini machoni. Nje, korongo adimu aliyewatoa makwao ndiyo kwanza anatua majini. Hakuna ruhusa ya kutoa sauti wala kutoka, na sheria hiyo aliitunga Mratibu mwenyewe. Humo ndimo alimochagua kuposa, mjanja yule!

“Jioni tunapanda wote jukwaani, nakuvisha pete. Mama yako anajua.”

Binti akatoa simu. Akamwandikia mama yake: “Mama, mbona hukuniuliza?”

Jibu likaja: “Mwanangu, kila siku unamchekea bosi wako, hujawahi kusema humtaki. Nguo nimeshashona.”

Ni kweli. Alikuwa akimchekea kwa woga tu, na sasa vicheko vile vilikuwa vimemfungia.

Mlangoni alisimama mwongoza wageni, waliyemwita Mluzi kwa jinsi anavyowaigiza ndege. Huyo ndiye aliyempenda, na hakuwahi kumwambia. Simu ikatetema mkononi mwa binti.

“Mbona unalia?” Mluzi aliandika.

“Bosi anataka kunivisha pete jioni.”

“Na wewe unataka?”

“Sitaki. Ninayemtaka yuko mlangoni.”

Simu nusura imponyoke Mluzi.

“Basi mwambie bosi!”

“Ndege ataruka. Utafukuzwa kazi kwa ajili yangu.”

“Kazi nitapata nyingine. Wewe nitakupata wapi?”

Mratibu akamshika binti mkono. “Umenyamaza. Asante, mke wangu.”

“Sitaki!”

Korongo huyoo, akapaa. Darubini zikashuka, mzee mmoja akajishika kichwa.

“Umesemaje?” Mratibu aliuliza, bado ananong'ona.

“Nimesema sikutaki. Na usininong'oneze tena, ndege ameshaondoka!”

Bibi mmoja wa nyuma akaangua kicheko. Mluzi akaufungua mlango, mwanga ukajaa kibandani.

“Wewe! Kazi huna!” Mratibu alifoka.

“Sawa, bosi.” Mluzi akamnyooshea binti mkono. “Twende.”

Wakatoka wameshikana. Hawajafika mbali, simu ikaita. Binti akapokea, na safari hii hakushusha sauti.

“Mama, hiyo nguo usiifumue. Aliyebadilika ni bwana harusi tu.”