Brauza Mzito

"Nipisheni jamani, nina mgonjwa!"

Jengo la maduka ya simu lilikuwa limefurika watu, lakini kwa sauti ile hata wauza chaja walinyamaza. Njia ikafunguka. Akapita dada mnene, mrembo wa kutosha, gauni la njano limemkaa vizuri, unga wa keki kwenye kiwiko, kakumbatia kitu kilichoviringishwa shuka. Fundi kompyuta aliyekuwa anatoka kutafuta chai aliruka kando, akavua kofia kwa heshima zote.

"Pole sana, dada. Mtoto anaumwa nini?"

"Mtoto?" Akafunua ncha ya shuka. Ndani kulikuwa na sipiyu kuukuu ya kompyuta, inamkodolea fundi kitufe cha kuwashia.

Chai ikasahaulika hapohapo.

Dada huyo alikuwa mpambaji wa keki katika duka la shangazi yake, na mtaa mzima ulimwita Mpambaji. Oda zote ziliingia kupitia kompyuta hiyo ya mezani, ambayo kaka yake aliiwekea mfumo wa Linux kabla ya kuhamia mbali. Kwake haikuwa chombo. Alikuwa mtu.

"Yaani huyu akifungua ukurasa mmoja, mimi nimeshaoka, nimepamba, nimelamba na sufuria, yeye bado anazungusha kiduara!"

"Anakula nini?" Fundi alishtukia naye anauliza hivyo.

Akaiunganisha dukani kwake, akatazama orodha ya programu zinazokimbia. Brauza, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ilikuwa imemeza karibu memori yote. Akaifunga, akaifungua tena bila nyongeza zake, vile vijiprogramu vinavyobandikwa juu yake. Ikafyatuka.

"Linux haina kosa. Ni nyongeza mojawapo inayomnyonya." Akaziwasha moja baada ya nyingine, mpaka brauza ikazimia. Mhalifu alikuwa nyongeza ya kunyeshesha maua ya waridi juu ya kila ukurasa. "Hii umeiweka wewe?"

"Si inapendeza?"

"Inapendeza. Ni kama kumtwisha mgonjwa bustani kichwani."

Mawaridi yakafutwa, namba ya simu ikaombwa, eti kwa ajili ya kufuatilia afya.

"Haloo. Mgonjwa anaendeleaje?" Fundi akapiga usiku huohuo.

"Yeye amelala fofofo. Nesi wake ndiye hana usingizi."

"Nesi anywe maziwa."

"Nesi anataka daktari, wewe!"

Penzi likakolea. Kila wiki Fundi alifika dukani, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa, kumtazama mgonjwa. Na kila wiki mgonjwa alikuwa hoi. Sababu, japo inamwaibisha mtu mzima na heshima zake, ni kwamba kabla Fundi hajafika, Mpambaji aliyarudisha mawaridi kwa mkono wake. Hakuwa na ujasiri wa kujua jambo moja tu: kompyuta ikipona, huyu mwanamume atakuja tena?

Siku moja alitoka jikoni na trei ya chai, akamsikia Fundi akiongea kwa simu na fundi mwenzake, mgongo umeelekea mlangoni.

"Mzito, bwana! Anakula kila kitu, na kila nikija ana visa vipya. Leo naachana naye. Nimeshapata mwingine, mwepesi, mtulivu, hana makuu."

Mpambaji aliangalia kiuno chake, akaangalia keki. Akaitua trei.

"Fundi. Chukua begi lako uende kwa huyo mwepesi wako."

Fundi akageuka, uso umechangamka. "Ah, umeshamwona? Nimemweka leo asubuhi!"

"Umemweka!"

"Nilitaka nikushtukize, mpenzi. Utampenda tu!"

"Toka!"

Begi lilitangulia, mwenyewe akafuata. Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukusomwa. Mpambaji aliapa hataigusa tena kompyuta ile, akaandika "Hongera" kwenye keki ya watu walioagiza "Karibu Nyumbani".

"Mwanangu," shangazi akasema, akikwangua krimu ile kwa kisu, "moyo ukivunjika tutauunga. Oda zikipotea tutakula wapi? Kaiwashe."

Akaiwasha kwa kununa. Kwenye kioo kulikuwa na alama mbili. Chini ya brauza ya zamani, Fundi alikuwa ameandika "Mzito". Pembeni yake kulikuwa na brauza mpya, hajawahi kuiona. Chini yake: "Mwepesi".

Akaibofya. Kabla hajakaa vizuri kitini, oda zote zilikuwa zimejipanga mbele yake.

"Mama yangu weee!"

Simu ya Fundi iliita kidogo tu ikapokelewa.

"Haloo?"

"Mwepesi ni brauza?"

"Ulidhani nani?"

"Mbona ulimwita 'anakula', 'naachana naye', kama mtu?"

"Nani alinifundisha? Tangu nikujue, hata printa naiamkia."

Mpambaji alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanywea. "Na mimi nina langu. Yale mawaridi..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mawaridi hayajipandi yenyewe, mpenzi. Nilijua tangu mara ya kwanza."

"Sasa mbona ulitaka kumponya kabisa?"

Fundi akakohoa. Sauti ikashuka. "Nilichoka kujifanya nakuja kwa ajili yake. Nilitaka apone, halafu nije hivyohivyo, uone nimekuja kwa nani. Nije na mama yangu, tuongee na shangazi yako mambo ya kuoana. Au nikae kwangu?"

"Wewe! Ukikaa nakuja kukubeba na shuka!"

"Ila mama ni mzito kidogo asubuhi, anachelewa kuwaka."

"Mlete hivyohivyo. Tutampa keki."

Akakata simu. Akaifungua Mzito kwa mara ya mwisho, akayafuta mawaridi, safari hii kwa mkono wake. Shangazi alichungulia kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Kelele zote hizo, mgonjwa amepona?"

"Amepona, shangazi!"

Shangazi akaitazama kompyuta, akamtazama na Mpambaji mwenyewe.

"Yupi?"