Risasi za Nyati Aliyejeruhiwa

Rafiki yangu mwindaji, ambaye si mwoga kama mimi, aliingia duka la silaha mchana kuchagua risasi. Kesho yake ilimbidi amfuate porini nyati ambaye shemeji yake alikuwa amemjeruhi.

"Hizo nyepesi zitamkasirisha tu," muuzaji alimwonya. "Chukua nzito, ndugu yangu, urudi kwa wanao."

Muuzaji akazipanga nzito juu ya kaunta. Mara umeme ukakatika. Duka halikuwa na dirisha. Giza totoro likatanda. Karibu kabisa na mkono wa rafiki yangu, kitu kikahema kwa kishindo, polepole.

"Mzee, punguza kitambi, unahema kama ng'ombe!" rafiki yangu alimtania muuzaji.

"Nani, mimi?" muuzaji alijibu kutoka uani. "Niko huku nawasha jenereta."

Taa zikarudi. Risasi zilikuwa palepale, zimelowa mate ya uvuguvugu yenye majani mabichi yaliyotafunwa.